Shemeji Kwenye Kamati ya Nidhamu

Marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa dobi wa hoteli. Tangu tumzike nyumba imepoa, na watu wanaokuja kunipa pole wanasema alikuwa mpole. Mpole? Ngoja niwaambie.

Wenzake walimchagua awawakilishe kwenye kamati ya nidhamu. Mimi nikaona maombi yangu yamejibiwa, maana mdogo wangu, aliyefanya kazi palepale, alikuwa ameshtakiwa. Vitambaa vya meza vya harusi viliungua kwa pasi, msimamizi akasema aliyeviunguza ni yeye. Ikithibitika, anafukuzwa, na mkewe ndiyo kwanza amejifungua.

"Basi amepona," nilimwambia mume wangu nikimpakulia. "Kamati si ndiyo wewe?"

"Mimi ni shemeji yake. Siwezi kumwamulia."

"Ndiyo maana nakwambia! Shemeji!"

"Ndiyo maana, mama watoto."

Nikachota nyama yote kwenye sahani yake, nikairudisha sufuriani. Akala mchuzi mtupu, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Ya kikaoni alinisimulia mdogo wangu. Mwenyekiti alikuwa msimamizi yuleyule aliyemshtaki. Kabla hata hawajakaa vizuri akasema, "Hapa hakuna maneno mengi. Nimeona mwenyewe."

Mume wangu akasimama. "Jamani, mimi natoka. Huyu kijana nimeoa kwao. Nikimpendelea, namkosea Mungu. Nikimwonea, nalala nje."

Wakacheka. Alipofika mlangoni akamgeukia msimamizi. "Twende, ndugu yangu. Mimi nampenda mno, wewe umemkasirikia mno. Umeshtaki, umetoa ushahidi, na sasa unataka kuhukumu. Hata kupumzika hupumziki?"

Meneja, aliyekuwa kwenye kamati, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena, akamwomba msimamizi atoke kweli. Nafasi yake akapewa mpishi mkuu, mtu asiye na shida na yeyote isipokuwa chumvi.

Mpishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumuuliza mdogo wangu, "Haya, na wewe unasemaje?"

"Nilikuwa nimelala."

"Wapi?"

"Kwenye lundo la mashuka. Yalikuwa yametoka kukauka, yana joto zuri. Sasa mzee, mtu aliyelala anapigaje pasi?"

Akaitwa fundi cherehani wa hoteli. "Ni kweli," akasema. "Nilipita nikaona viatu vimetokeza kwenye mashuka, vinakoroma."

Wakaenda wote kuijaribu ile pasi. Ilikuwa imeharibika. Waliiweka kwenye joto la chini kabisa, ikala aproni ya mpishi. Mdogo wangu akapewa onyo kali kwa kulala kazini, akabaki na kazi yake.

Jioni alikuja kwetu, furaha kidogo, lawama tele. "Shemeji, uliniachaje peke yangu mbele ya wale simba wa kamati?"

"Ningebaki, ningekufukuza."

"Mimi? Ndugu yako?"

"Umekaa hapa kwangu kabla hujaoa. Kitu kikiungua, hata siulizi, najua ni wewe. Niliposikia tu pasi, nikasema moyoni, huyohuyo. Ningekuamuliaje?"

Mdogo wangu akanigeukia nimtetee. Nikayakumbuka mapazia yangu ya sebuleni, nikainama kufuta meza.