Kilo Kumi na Mbili Zisizo Zangu

Mpaka leo nikiona mizani ya kusimama, hata ile ya zahanati, masikio hupata moto, na sababu yake sijawahi kuwasimulia watu wanaonijua vizuri. Nyinyi mnaonijua kidogo nisikilizeni, ila mcheke polepole.

Ilikuwa Guangzhou, China, miaka ya tisini inaelekea ukingoni, nami nilifika huko kama nilivyofika kila mahali tangu nilipoacha shule darasa la sita, yaani kwa kumfuata mtu. Safari hiyo nilimfuata Saidi, mfanyabiashara wa Kariakoo, nikawa namfungia mizigo ya jinzi na kulala sakafuni chumbani kwake, mtaa wa Xiaobei. Asubuhi moja akaniambia bila kunitazama, "Mdogo wangu, shemeji yako anaingia leo jioni. Na chumba chenyewe unakiona." Nikakiona. Nikabeba begi langu, lenye nguo zangu, jinzi mbili na makufuli manane makubwa aliyonipa nikajiuzie, nikatoka bila mpango wowote, nikaufuata mto.

Nyuma ya chuo kimoja nikakuta boti ndefu, nyembamba kama bua la muwa, na vijana wanne ndani yake wanapiga makasia huku wamekupa kisogo kule wanakokwenda. Mimi na mambo mageni hatupishani hivi hivi, nikasimama kutazama, na boti ilipokaribia kugonga gati nikapayuka, "Jamani, angalieni nyuma!"

Mmoja wao, mweusi kama mimi, akageuka ghafla. Alipofika nchi kavu akanijia mbio.

"Ala! Mswahili huyu! Wa wapi wewe?"

"Muheza."

"Basi bwana, mimi Yusufu, wa Korogwe! Unatafuta nini huku?"

"Pa kulala," nikasema, maana ndiyo ilikuwa kweli.

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaninyoosha mkono kama fundi cherehani anayepima shati. Akasema mwenzao mmoja amerudi kwao na yule wa nne wamemwazima tu, kocha anatafuta mtu, hata asiye mwanafunzi, mradi ajiandikishe darasa la jioni la lugha, na anayepata kiti kwenye boti anapata na kitanda katika bweni la timu. "Njoo saa nane mchana, kocha akupime uzito," akasema, akakimbilia darasani.

Hapo nilitakiwa kuuliza swali moja tu: uzito gani? Sikuuliza. Mimi ninayemuuliza hata kinyozi mkasi wake umetoka wapi, hilo nililimeza, kwa kuwa mambo ya mwili wangu sikupenda kuyachokoza. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amependeza, maisha yamemkubali. Mimi shuleni niliitwa Mwiko, na shangazi aliwahi kuniazima koti la mumewe nipigiwe picha, ili jamaa watakaoiona wasidhani kwetu kuna njaa. Kwa hiyo niliposikia kupimwa nilielewa jambo moja: wanataka dume la kuvuta makasia, nami sitoshi.

Ila nilijua dawa. Wafanyabiashara wetu mizigo ikizidi kilo uwanja wa ndege, huivaa, kwa sababu mizani ile hupima begi, haimpimi mtu. Nimeshamsindikiza Saidi akiwa na makoti manne, anatembea kama kabati. Basi nikaingia chooni nikavaa suruali yangu, juu yake jinzi mbili, makoti mawili, makufuli nikayagawa mifukoni, kisha nikala mikate ya mvuke saba na kunywa maji mpaka tumbo likawa linasema peke yake. (Joto la siku hiyo msiniulize.)

Saa nane kocha akanipandisha mizani. Walikuwepo wanatimu na wanafunzi wengine waliosimama na bakuli zao za wali. Sindano ikaenda, ikaenda, ikasimama kwenye sabini na nne. Nikatabasamu. Kocha akatikisa kichwa. "Bu xing," akasema, neno ambalo sisi wote tunalijua, maana ndilo tunalojibiwa tukiomba bei ishuke. Haiwezekani.

"Umezidi," Yusufu akanong'ona. "Hii ni boti ya watu wepesi, mwisho sabini na mbili na kidogo. Lakini wewe umezidije, mwembamba hivyo?"

Nikaona kitanda kinaondoka. Badala ya kunyamaza nikasema, "Mwambie asubiri," nikaanza kuvua. Koti la kwanza. La pili. Kufuli likadondoka juu ya chuma cha mizani, ngwa! Likafuata jingine. Jinzi ya juu ikatoka, ya chini ikanata kwa jasho, nikarukaruka kwa mguu mmoja, nikaanguka kitako, na yule wa bakuli la karibu akapaliwa na wali. Nilipopanda tena nilikuwa na chupi peke yake, mbavu zote nje. Sitini na mbili.

Kocha hakucheka. Aliitazama sindano, akanitazama mikono, akasema kwa sauti ya chini, na Yusufu akanitafsiria huku ameinamisha kichwa. "Anasema mwili kama wako ameutafuta miezi miwili. Lakini hakuchukui. Anasema kwenye boti ya wanne, mtu akijifanya anavuta hajulikani mapema, wenzake wanachoka tu."

Nikainama kuokota makufuli. Kumbe kitu nilichokionea haya maisha yangu yote ndicho kilichokuwa kikihitajika, nami nimekuja nimekifunika kwa jinzi za watu.

Mwanamke anayetunza banda la boti, bado anajifuta machozi ya kicheko, akamwambia Yusufu kuwa bandani kuna kitanda cha mlinzi aliyeacha kazi, nikitaka nikae, nioshe boti asubuhi. Nikatandika jua likizama. Nje wale wanne walikuwa wanarudi majini, na yule wa kuazima amekaa kwenye kiti ambacho kingekuwa changu. Nikaapa kwamba siku nyingine watu wakiutaka mwili wangu, kwanza nitawauliza wanautaka wa nini, kisha nitawapelekea huu huu.