Mfalme Dhidi ya Letuka

Letuka alizaliwa Semonkong, milimani, katika ukoo usiotaja jina la mfalme bila kuvua kofia. Wanajeshi walipomtimua mfalme nchini, aliona kama amefiwa. Na mfalme aliporudishwa kitini, Letuka alitandika farasi akateremka hadi Maseru, mji mkuu, akasimama katikati ya umati akilia hadharani, mwanamume mzima na blanketi lake la heshima mabegani.

"Mwenye kutushikia ardhi yetu amerudi," alimwambia mkewe, 'Mampoi.

Ndiyo maana yaliyomfika uzeeni, wakati mwana wa mfalme yule akitawala, yalimkata maini.

Watu wa wizara walikuja kupima malisho ya kijiji ili ijengwe hoteli ya watalii. Hawakumuuliza mtu. Walisimika bango tu: ardhi hii imetwaliwa kwa jina la Mfalme. Letuka akaenda hadi lango la ikulu. Afisa mmoja alimsikiliza, akakuna kichwa.

"Ntate, mzee wangu, Mfalme haamui mambo haya. Mawaziri humshauri."

"Na akiukataa ushauri?"

"Hawezi kuukataa."

"Basi huo si ushauri, ni amri! Mnapora kwa jina lake, halafu mnasema hana mkono?"

"Punguza sauti, Ntate."

"Sipunguzi!"

Aliporudi aliling'oa bango mchana kweupe, akalipasua kuni. Polisi wakamchukua. Mahakamani karani akasoma: "Mfalme dhidi ya Letuka."

Mzee alishika kizimba kwa mikono miwili. "Nani dhidi yangu?"

"Ni lugha ya sheria tu, kila kesi ya jinai hufunguliwa kwa jina la Mfalme," mwendesha mashtaka akasema.

"Lugha? Baba yake nilimlilia! Kama Mfalme ana ugomvi nami, aje aniambie mwenyewe. Na ninyi mnaojificha nyuma ya blanketi lake, tajeni majina yenu!"

Watu walicheka. Hakimu akauliza kijiji kiliitwa lini kushauriwa. Mwendesha mashtaka akapekua faili, akakiri kuwa hakikuitwa. Bango lilikuwa limewekwa kinyume cha sheria, hakimu akasema, na mzee akaachiwa. Wapimaji hawakurudi, na ng'ombe wakaendelea kulishwa palepale.

"Umeshinda, baba," 'Mampoi alisema jioni ile akimwekea ugali na mboga. "Cheka basi."

"Nimemshinda nani? Wameandika kwamba nimemshinda Mfalme." Akaisukuma sahani. "Mimi sikupigana naye. Waliopigana nami wako ofisini mwao, wanakunywa chai."