Aliyetuletea Mama Lina

Wifi yangu Celina akishikilia jambo, hakuna wa kumbandua. Mimi ni Mmeru wa Kaaga niliyeolewa huku Kanja, na Waembu wamenisema tangu siku ya kwanza kwamba sisi Wameru tuna hasira za karibu. Sawa, tunazo. Lakini hasira huja na kuondoka. Ukaidi wa Celina haujawahi kutoka nje hata kutembea.

Kwa miaka mingi aliuza vitabu vya mitumba mjini Embu, amevipanga kando ya barabara juu ya turubai. Wanafunzi wa chuo walimjua, na makarani wa ofisi za serikali walipita kwake kuwanunulia watoto vitabu vya picha. Yeye mwenyewe hakumaliza kidato cha nne, ila kila kitabu alikisoma kabla ya kukiuza, na mteja akichagua vibaya alimwambia peupe, "Hicho hutamaliza, chukua hiki." Biashara gani hiyo? Magoti yalipoanza kumsumbua alirudi hapa nyumbani kwa mama yake, ambaye ndiye mama mkwe wangu Igoki, akiwa na magunia ya vitabu vilivyokosa wanunuzi. Nilipoyaona yale magunia nilidhani ni mahindi. Nilipojua ni nini, nilinuna wiki nzima.

Mtu wa kahawa anaijua kazi ya kuchambua. Ukishachuma unapeleka kiwandani, unamwaga kahawa yako juu ya gunia, na kabla karani hajakupimia lazima utoe zile mbichi, zilizokauka na zenye ugonjwa, zibaki nyekundu tupu. Ni kazi ya kuinama na kungoja, na wanawake wakiinama na kungoja pamoja, midomo nayo inatafuta kazi. Kiwanda chetu hakikukosa ugomvi msimu wowote. Basi siku moja ya Oktoba mwaka jana, Celina alifika hapo, akageuza debe, akaketi, akatoa kitabu kwenye kiondo na kuanza kutusomea bila kumwomba mtu ruhusa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza na jalada lilikuwa limeng'oka zamani. Jina lake hatukulijua, wala la aliyekiandika. Kilichojulikana tu ni kwamba ni hadithi ya nchi ya baridi, mbali huko. Celina alipitisha macho kwenye ukurasa, midomo ikicheza, kisha akatuambia kwa Kiembu. Ilikuwa habari ya mjane mkulima wa viazi, ambaye ndugu za marehemu mumewe walitaka aondoke shambani. Jina la mjane huyo lilikuwa refu na hakuna ulimi wa Kanja ulioweza kulibeba. Tena akina mama walikataa kumsikiliza mtu asiyejulikana ni wa nani.

"Mtoto wake wa kwanza anaitwa nani?" mama mkwe aliuliza.

Celina alirudi nyuma kurasa kadhaa. Binti aliitwa Lina. Basi yule mjane akawa Mama Lina, kama vile mimi ninavyoitwa Mama Murungi, na kuanzia hapo akawa mmoja wetu.

Hapo ndipo mama mkwe alipotuaibisha. Jumapili moja, wakati wa maombi, alisimama kanisani akasema kuna mjane, Mama Lina, ana mtoto mdogo, shemeji zake wamemchukulia ng'ombe na sasa wanataka shamba, tafadhali tumwombee. Mchungaji, ambaye hachumi kahawa, alifumba macho akaomba kwa machozi. Kwaya ikaimba. Baada ya ibada akina mama wa kanisa wakachanga mahindi, maharagwe na blanketi jipya, na mashemasi wakatumwa wampelekee. Waliuliza nyumba hadi nyumba Mama Lina anakaa upande gani. Na wote walioulizwa walijibu kwa uhakika kwamba wanamjua huyo mama, maskini, ila boma lake ndilo hawalijui.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mama mkwe hakucheka hata kidogo.

"Mimi nilisema aombewe," alisema. "Mambo ya blanketi ni yao."

Mwishowe mashemasi, wamechoka na mzigo, walifika kwa jirani yetu Ruguru. Walimkuta mjane, wakamkuta na watoto wa kike, wakasikia kuna shemeji. Wakaona hapa ndipo, wakaacha vitu mlangoni.

Na kweli, hawakukosea sana. Mume wa Ruguru alifariki mwaka juzi akamwachia mabinti wawili na kahawa iliyo kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Mutegi, kaka wa marehemu, hakumpiga mtu wala hakumtukana mtu. Alisema kwa upole tu kwamba mjane asiye na mtoto wa kiume heri akapumzike kwao, na shamba abaki nalo yeye, alitunze. Ukoo ulikuwa umeitisha kikao Jumamosi ya wiki hiyo ili Ruguru aseme mbele ya wazee kwamba amekubali. Na angekubali. Nilimjua. Ni mtu wa kusema "ni sawa" hata ukimkanyaga mguu. Sote tulijua habari hiyo na tulikuwa tumeizoea, kila mmoja akisema ni mambo ya nyumba ya wenyewe.

Lile blanketi lilimchoma Mutegi. Nani amesema hapa kuna mtu anafukuzwa? Alikwenda moja kwa moja kwa meneja wa kiwanda, na meneja ni Kirimi, Mmeru mwenzangu, aibu yangu. Kesho yake Kirimi alikuja kusimama mbele ya Celina.

"Mama, hapa ni fakitori, si shule. Hizo hadithi zako zinafanya watu wanapitisha kahawa mbichi."

"Mbichi iko wapi? Nionyeshe."

Kirimi aliinama juu ya gunia langu, akatafuta, akakosa. "Basi ni amri. Ndani ya geti hakuna kusoma."

"Ndani ya geti," Celina alirudia. Aliinuka, akachukua debe lake, akatoka nje ya geti, akaketi ukingoni mwa barabara na kufungua kitabu pale alipoachia. Tulitazamana. Kisha mama mkwe akakusanya pembe za gunia lake, akalibeba na kahawa yake yote, akamfuata. Tukamfuata sote. Kirimi alibaki na banda tupu na mizani yake. Alipiga simu, akazungukazunguka, na mwishowe akaja kuegemea geti akijifanya anatazama magari. Hakukuwa na magari. Alisikiliza kila neno.

Ruguru alikuwa akija kila siku, hata siku ambazo kahawa yake ilikuwa ya kujaza beseni tu. Jumatano alimngoja Celina afunge kitabu.

"Mama Lina atabaki ama ataenda?" aliuliza. Hakuwa akiuliza kwa utani.

"Kesho tunamaliza. Kuja usikie."

"Nataka kujua mbele ya Jumamosi."

Jioni hiyo tulikuwa nje tukitoa maharagwe maganda, mimi na Celina, nami nikamuuliza mambo yanaishaje. Alijibu bila kuinua macho kwamba Mama Lina anaenda.

"Anaenda wapi?"

"Mahali kitabu haisemi."

"Si ubadilishe tu! Sema amebaki. Nani atajua? Hiyo kitabu hata jalada haina."

"Mama Murungi," alisema, "huyo aliandika aliona mama fulani akienda kweli. Ikamkaa hapa." Alijigusa kifua. "Akakaa chini akaandika yote ndio isipotee. Sasa mimi nikisema alibaki, si nitakuwa nimemfukuza mara ya pili?"

"Na Ruguru? Akisikia mwenzake ameenda, si na yeye atafunga mizigo?"

"Inaweza kuwa hivyo."

"Na bado utasoma?"

"Nitasoma."

Nilipandwa na hasira nikamwambia kitabu ni karatasi lakini Ruguru ni mtu. Nikamwambia amekaa na vitabu hadi amesahau watu. Aliendelea kutoa maganda, ila mengine aliyatupa maharagwe yakiwa bado ndani.

Nilikuwa nimeogopa, huo ndio ukweli. Kahawa yetu huenda katika zile nchi za baridi na wanaoinywa hawajui ni nani aliyeinama kuichambua. Kitabu kile nacho kilikuwa kimetufikia bila jina la mwenyewe. Aliyekiandika pengine amekwisha kufa, na hakuwahi kusikia kuna mahali panapoitwa Kanja. Hata hivyo alikuwa ameingia katikati ya Ruguru na shamba lake, na sisi hatukuwa na njia ya kumwambia apunguze maneno.

Alhamisi ukingo wa barabara ulijaa. Celina alisoma polepole. Mama Lina alifagia nyumba yake mara ya mwisho, akaacha ufunguo mlangoni, akamshika binti yake mkono na kushuka njia ya kijiji kuelekea stesheni ya treni. Majirani walikuwa nyuma ya mapazia. Mmoja aliinua mkono kama anayetaka kupunga, akaushusha. Treni ikaja, ikamchukua, ikaenda.

"Endelea," mama mkwe alisema.

"Imeisha."

"Imeisha namna gani? Na majirani?"

"Walikuwa kwa madirisha."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Hakuna hata mmoja alitoka kumshikia mzigo?"

Celina alifunga kitabu. "Hakuna."

Mama mkwe aliwatukana wale watu wa nchi ya baridi kana kwamba wamesimama mbele yake. Ni watu gani hawa? Wamezaliwa na nani? Mwingine alikuwa akifuta macho kwa pindo la leso. Kirimi, pale getini, alisema, "Hiyo ni mbaya sana," kisha akakumbuka yeye ni meneja na kurudi ndani. Ruguru alirudisha kahawa yake kwenye beseni kabla ya kumaliza kuichambua, akajitwika, akaenda bila kuaga. Nilimgeukia Celina nimwambie umeona sasa, nikamkuta analia, machozi yanashuka na hajishughulishi kuyafuta.

Ijumaa Ruguru hakuonekana kiwandani. Nilipopita kwake niliona amefua nguo zote za watoto na kuzianika, hata masweta ya shule. Nilikwenda nikamwambia Celina kwamba mtu huyo anajiandaa kwenda. Celina alichukua fimbo yake akatoka, na magoti yale yale mabovu, akapanda na kushuka miteremko ya Kanja nyumba hadi nyumba hadi jioni. Kote alisema maneno yale yale: kikao ni kesho asubuhi, kwa Mutegi. Hakueleza zaidi na hakuna aliyemuuliza.

Wazee walikuwa wamekwisha kuketi kwenye viti tulipoingia uani kwa Mutegi. Tulikuwa wengi. Kila mmoja alitandika gunia lake kwenye nyasi akaketi, na kwa muda hakukusikika kitu ila magunia. Kirimi naye alikuja, akasimama nyuma karibu na zizi, mikono mfukoni.

"Nyinyi mmeitwa na nani?" mwenyekiti wa ukoo aliuliza.

"Hakuna ametuita," mama mkwe alijibu. "Tumekuja kukaa tu. Sisi si watu wa kuangalia kwa dirisha."

Wazee walitazamana, maana hakuna hata mmoja aliyeelewa dirisha gani. Mwenyekiti alikohoa, akaamua kuendelea. Alimwomba Ruguru asimame aseme kama amekubaliana na shemeji yake juu ya shamba.

Ruguru alisimama. Alikuwa ameshika pindo la leso mkononi, akilikunja na kulikunjua.

"Ni…" alianza, nami nililijua neno lake linalofuata. Alitutazama sisi tulioketi kwenye nyasi, akatutazama mmoja mmoja bila haraka. "Ni shamba ya watoto wangu," alisema. "Siendi mahali."

Mutegi aliruka kutoka kitini. "Hayo si maneno yake! Wazee, hayo ni maneno ya hiyo kitabu ya wazungu wanasomewa huko barabarani! Kitabu ndiyo imemwambia akatae!"

Ruguru alimgeukia. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika hadi zizini.

"Kitabu ilisema niende, shemeji. Ni mimi nimekataa."

Mwenyekiti alimgeukia katibu wa ukoo, aliyekuwa ameinua kalamu bila kujua aiteremshie wapi.

"Andika."

"Niandike nini, mzee?"

"Andika mwenye shamba amekataa."