Gramu Saba za Fundi Ongeza

Wanafunzi ndio waliompa seremala wa karakana yetu jina la Ongeza, na jina likamkaa kuliko alilopewa na baba yake. Ukimwomba misumari minne, atakupa sita. Ukimletea kiti kinachoyumba, atakirudisha kina miguu mizito kuliko wewe. Hata salamu zake hazikuwa na mwisho; mwenye haraka alipita mlango wa nyuma. Nilikuwa mtunza stoo wake kwa miaka tisa, na sijaona mtu mkarimu kama yeye, wala aliyenichosha kama yeye.

Yalipotangazwa mashindano ya vyuo ya kubuni na kujenga madaraja, yeye ndiye aliyewapigania vijana. Mkuu wa chuo alisema karakana haina nafasi. Ongeza akahamishia benchi lake barazani, akawaachia chumba kizima. Walikuwa wanne, wakiongozwa na binti mwembamba aliyechomeka kalamu sikioni muda wote. Kiongozi wa timu bora angepata udhamini wa chuo kikuu, na binti yule hakuwa na njia nyingine ya kufika huko. Sote tulilijua hilo.

Daraja lilikuwa la vijiti na gundi, na uzito haukutakiwa kuzidi gramu mia tano. Binti alihesabu hadi matone ya gundi. Siku ya safari, asubuhi, mizani ilisoma mia nne tisini na sita. Wakaenda kubadili nguo.

Ongeza akabaki akilizunguka.

"Mbao haitoki kwangu uchi," akaniambia. "Lete vanishi."

"Wameshalipima, fundi."

"Nalipaka mkono mmoja tu. Jua lipo, litakauka kabla gari halijaja."

Nikampa. Ningeweza kusema kopo limekwisha. Najuta mpaka leo kwamba sikusema.

Ukumbini daraja letu liling'aa kuliko yote. Likawekwa kwenye mizani: mia tano na saba. Likaondolewa mashindanoni kabla ya kubebeshwa hata tofali moja. Binti akaliinamia, akalinusa, kisha akamgeukia fundi. Ongeza alikuwa ameshafika kwa waamuzi, akikiri kwamba kosa ni lake, watoto hawajui lolote. Walimsikiliza kwa adabu. Masharti yakabaki masharti.

"Basi, fundi," binti akamwambia. "Ulitaka lipendeze."

Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Kila mwaka tangu hapo Ongeza amesimamia timu ya chuo, mikono ikiwa mgongoni, hagusi kitu. Mwaka mmoja walishinda. Kwenye picha hayumo; alisema anafunga madirisha.

Mwezi uliopita tulikwenda kununua misumari kwenye duka jipya la vifaa vya ujenzi. Nyuma ya kaunta alisimama binti yule, kalamu sikioni, mtu mzima sasa. Akatuamkia vizuri, akauliza hali ya karakana. Akapima kilo moja, mshale ukatulia. Kisha, kama wafanyavyo wauzaji kwa mteja wanayemheshimu, akachota mingine kiganjani.

"Nikuongezee, fundi?"

Hakuwa na nia mbaya. Uso wake ulionyesha hivyo. Mzee aliutazama ule mshale kwa muda mrefu.

"Hapo hapo, mwanangu," akasema. "Panatosha."

Miaka yote ile, sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.