Matenga ya Kuku na Kiti cha Dirishani

Siku hizi nikipita karibu na uwanja wa ndege wa Singida, macho yangu hutangulia kwenye kibanda chetu. Kimejengwa kwa mabati, kilipakwa rangi za kampuni ya ndege, na upepo wa Singida, ambao hauna adabu kwa mtu wala kwa paa, umekwisha kuzibandua. Kampuni ilifunga safari zake za kwetu. Mizani imechukuliwa, lakini imeacha alama ya mraba kwenye sakafu ya saruji, na nikiiona alama ile nakumbwa na hamu ya watu niliofanya nao kazi pale. Hata hasira zetu nazitamani.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini moja. Ilitoka Dodoma asubuhi, ikatua kwetu kuchukua abiria, kisha ikaenda Mwanza kuwafikisha kwenye ndege kubwa. Mkuu wetu wa kituo, mtu mpole aliyevaa koti hata jua likichoma, alipenda kutufariji kwa kusema sisi ni kijito kinachoujaza mto.

"Kijito chenyewe kimekauka, mkuu," alijibu mpakiaji wetu wa mizigo. "Mto umeshasahau kama tupo."

Mpakiaji alikuwa mtu wa makamo kutoka Itigi, ambako alikuwa akipakia madebe ya asali kwenye treni kabla ya kuja kwetu. Alisema treni hata ikichelewa utaisikia inakuja, ila ndege ikichelewa unabaki kutazama mbingu kama mtu anayeomba mvua. Mimi nilikuwa kwenye tiketi. Wa nne alikuwa dada wa mizani, na habari hii ni yake.

Katika ndege ndogo kila kitu hupimwa, hata watu. Abiria anapanda juu ya mizani na begi lake mkononi, kama gunia la vitunguu, mbele ya macho ya wenzake. Wengi waliona haya. Dada yule aliigeuza mizani ielekee ukutani ili mshale auone yeye peke yake, na kwa kila mwanamke aliyepanda, awe mnene au mwembamba, alisema neno moja: "Mwepesi kama pamba, mama, pita." Akina mama walipita wakicheka. Uzito wa kweli aliunong'ona kwa rubani.

Nilipoanza kazi nilikuta kibanda kimeshachoka. Ratiba ilibadilishwa makao makuu na sisi tuliambiwa mwisho, au hatukuambiwa kabisa. Mtu alitoka Kinyangiri alfajiri kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, akatukuta tumekaa nje tunatazama anga pamoja naye. Alitutukana sisi. Angemtukana nani mwingine? Tukiuliza kwenye kundi letu la simu kwa nini ndege haikuja, hatukujibiwa, isipokuwa siku moja ujumbe ulipoingia: "Timu Singida, tabasamu ni sehemu ya sare."

Mpakiaji aliinua mkono tuone lilivyopasuka shati lake. "Sare imeachia kwapani," alisema. "Na tabasamu litokee hapohapo?"

Tulicheka mpaka mkuu wa kituo akageukia ukuta asionekane. Lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake.

Ahadi moja tu ndiyo iliyotufanya tuendelee kupiga pasi sare zetu. Kiti kikibaki wazi, na uzito ukiruhusu, mfanyakazi angeweza kupanda bure mpaka Mwanza, kisha arudi kwa basi. Dada wa mizani aliamini ahadi hiyo tangu wiki yake ya kwanza. Aliiamini kiasi cha kumpigia simu mama yake, aliyekuwa akilima alizeti Misigiri, kumwambia kwamba kazi yake ni ya ndege na kwamba atakuwa akipita juu ya nyumba yao. Njia ya kwenda Mwanza hupita huko.

Mama akaanza kutoka nje. Kila siku ya ndege, akiisikia inakuja, aliacha jembe au sufuria, akasimama katikati ya shamba na kanga yake nyekundu, akaipeperusha mpaka ndege ipotee. Majirani wakajua. Watoto wakajua. Dada alipokwenda nyumbani kusalimia, akiwa na nia ya kueleza ukweli, alimkuta mama amekwisha kuwaonyesha wageni njia ya mwanawe angani, kama mtu anavyoonyesha barabara. Akarudi Singida na ukweli wake.

Basi ikawa hivi: ndege inaruka, sisi tunarudi kibandani, tunamimina chai, na birika linapokaribia kuisha simu ya dada inaita.

"Nimekuona, mwanangu. Umefika?"

Naye, amesimama kando ya mizani na miguu yake miwili juu ya saruji ya Singida, anajibu: "Nimefika, mama."

Baada ya simu hizo hakunywa chai. Alitoka nje akaangalia kule ndege ilikoelekea, na sisi tulijifanya tuna kazi.

Kiti wazi kilipatikana mara nyingi, maana abiria walikuwa wakipungua. Kilichotushinda ni kuku. Wakubwa wa kampuni kule Mwanza walikuwa wamekwisha kuonja kuku wa kienyeji wa Singida, na kila walipoona kwenye orodha ya abiria kwamba kuna nafasi, mkuu wa kituo alipigiwa simu. Aliweka simu mfukoni polepole, akavuta koti lake, akasema bila kumtazama mtu, "Kuna matenga mawili." Wakati mwingine yalikuwa matatu. Dada alikuwa amekwisha kuvaa skafu yake nzuri. Alipima abiria, akapima mabegi, akapima matenga, akajumlisha, kisha akapanda mwenyewe juu ya mizani, na hakuna aliyehitaji kuuona mshale. Aliivua skafu akaitundika kwenye msumari.

"Kuku hawa wameshaliona ziwa," mpakiaji alisema akiyainua matenga. "Sisi tunalisikia redioni."

Sasa, palikuwa na desturi. Tangu siku ya kwanza ya kituo, ndege ilipoanza kukimbia kwenye njia yake, sisi wote tulisimama mstari mmoja mbele ya kibanda na kupunga mikono mpaka ivuke majabali makubwa ya mji wetu. Hapakuwa na amri juu yake. Rubani naye aliinua mkono, abiria wakapunga kupitia vioo, na mtu aliyekuwa akiogopa alijua kuna watu chini wanaomtakia heri. Asubuhi moja, baada ya matenga mengine kupanda na skafu kurudi kwenye msumari, mpakiaji alikunja mikono kifuani. Dada akakunja yake. Mimi nikafuata. Mkuu wa kituo alipunga peke yake mara mbili hivi, akaona aibu, akashusha mkono. Toka siku hiyo hatukupunga tena. Huo ndio mgomo pekee tulioufanya, na sidhani kama makao makuu waliwahi kuujua.

Kisha habari ikaja kwamba safari za Singida zinafungwa. Hatukuambiwa na kampuni. Tuliambiwa na abiria aliyejaribu kukata tiketi ya mwezi unaofuata kwa simu akakataliwa, akaja kutuuliza sababu. Mkuu wa kituo alipiga simu, akasikiliza, akatoka nje akakaa kwenye benchi. Siku ya ndege iliyofuata ndiyo ingekuwa ya mwisho.

Siku hiyo alizeti zilikuwa zimechanua wilaya nzima. Dada alikuja mapema amevaa skafu. Nilimsalimu, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyebeba chungu kichwani. Kiti kimoja kilikuwa wazi, cha dirishani, upande wa kushoto. Tulijua kwamba asipopanda leo, mama atakuwa amepungia watu baki miaka yote hiyo, na hakutakuwa na siku nyingine ya kuurekebisha uongo ule.

Simu ya mkuu wa kituo iliita. Akavuta koti lake.

"Hata leo?" mpakiaji aliuliza.

"Matenga mawili. Wanasema ni ya kuagana."

"Wanaagana na kuku? Na sisi je?"

Kuku wakaletwa, wakapimwa, wakapakiwa. Dada alijumlisha. Akapanda mizani, akashuka, mkono wake ukaanza kufungua fundo la skafu.

Rubani alikuwa akizunguka ndege yake, anakagua tairi na pangaboi, kama alivyofanya siku zote. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisimama mbele yetu akasema, "Nimekuwa nataka kuwauliza. Mbona siku hizi hampungi?"

Mpakiaji ndiye aliyejibu.

"Tumpungie nani, kapteni? Kuku?"

Na kabla mkuu wa kituo hajamkanya, alimwaga yote: kiti, matenga, Misigiri, kanga nyekundu, simu ya kila siku. Dada aliinamisha kichwa. "Usimwambie mambo yangu, kaka," alisema, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka.

Rubani alisikiliza mpaka mwisho. Akaangalia mizigo, akamwangalia mkuu wa kituo, akasubiri. Naye mkuu wetu wa kituo, ambaye sikuwahi kumwona akikataa kitu, alivua koti lake. Alilikunja, akaliweka juu ya benchi, akaenda mwenyewe kwenye ndege akashusha tenga la kwanza. Mpakiaji alikimbilia la pili.

"Utawaambia nini?" nilimuuliza.

"Nitasema uzito haukuruhusu," alijibu huku manyoya yamemganda kwenye shati. "Si ndiyo tunavyosema siku zote?"

Dada alipanda ngazi fupi ya ndege bila mkoba na bila kuaga. Nilimwona kwenye kioo cha kushoto, uso wake umekaribia kioo mno, kama mtoto dukani. Injini ikanguruma, vumbi likainuka, kuku wakapiga kelele kwenye matenga yao kivulini. Tulijipanga mbele ya kibanda. Tukapunga. Mkuu wa kituo alipunga kwa mikono yote miwili, na mpakiaji aliendelea hata ndege ilipokuwa nukta juu ya majabali. Nilitamani niwe ndani, nami nilitamani nisiwe ndani, niendelee kusimama pale na watu wale, mikono yetu iko juu.

Tulirudi kibandani. Mkuu alimimina chai. Hapo ndipo nilipoiona simu ya dada juu ya meza ya mizani, alikuwa ameiweka kwenye chaji akaisahau. Chai haijapoa, ikaita, mapema kuliko siku zote.

Wenzangu waliniangalia. Nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni mwenzake wa kazini, mama. Amesahau simu yake hapa Singida. Yuko kwenye ndege."

Sentensi hiyo ya mwisho, kwa mara ya kwanza, ilikuwa kweli.

"Kwenye ndege najua yuko, nimemwona," alisema mama, na nyuma yake nilisikia watoto wakipiga kelele. "Nimepiga kwa sababu nina hofu. Siku zote wanapita wamenyooka. Leo ndege imeinama upande wa shamba langu, imelala kabisa ubavu, ndipo ikanyooka tena. Upande wa kushoto. Yeye amekaa upande gani?"

"Wa kushoto, mama. Dirishani."

"Ndiyo hilo!" alisema. "Akirudi mwambie asiegemee dirisha kiasi hicho. Ndege yenyewe ni ndogo. Ataiangusha."