Askari wa Ng'ombe wa Kesi

Picha ya mume wangu iko pale ukutani, na kila anayeingia humu ndani huitazama akacheka. Amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama, mkanda unang'aa, tarbushi kichwani, na mkononi hana bunduki. Ana fimbo. Fimbo ya kuchungia. Wajukuu wananiuliza, bibi, babu alikuwa polisi kweli au alikuwa anaigiza? Nawaambia kaeni chini, fungeni hiyo midomo. Bila fimbo hiyo mimi Yustina ningeolewa kwingine, na nyie msingekuwepo wa kunicheka.

Melkizedeki alikuwa askari wa kituo cha Singida wakati wa Mwingereza, ile miaka ya mwishomwisho kabla ya Uhuru. Kituo kilikuwa kidogo, lakini kila askari alikuwa na kazi yake na aliringa nayo. Kulikuwa na wa tarumbeta, aliyeamsha mji mzima mpaka majogoo wakawa wanamsubiri yeye kwanza. Kulikuwa na wa ghala la bunduki, ambaye alifunga funguo zake kiunoni hata akienda kuoga. Kulikuwa na dereva wa lile gari moja, na mfuata nyayo aliyezama porini akarudi na ndevu, na juu yao wote Sajenti Urbano, mtu mfupi ambaye akifoka kituoni wanamsikia sokoni. Na nyuma ya kituo, kwenye zizi la miiba, alikuwepo mume wangu.

Polisi wakikamata kisu cha mwizi, kisu kinafungiwa kabatini mpaka siku ya kesi. Wakikamata ng'ombe wa wizi je, watamtia kabati gani? Ng'ombe anakula, anakunywa, anaumwa, anazaa. Na siku ya kesi ni lazima asimame hai mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya aliyekuwa hakimu pia. Ndiyo maana pakawa na askari wa ng'ombe wa kesi. Wenzake walimwita Afande Samadi. Hao hao waliomcheka, wake zao walikuwa wanagombania samadi ya zizi lake kwa bustani zao. Kazi mbi si mchezo mwema, lakini nani alikumbuka kumwambia asante?

Mimi nilimfahamu kwa ajili ya mabua. Kiangazi kile majani yaliisha kabisa, akaja kwetu Unyambwa kumwomba baba ruhusa ya kulisha ng'ombe wake kwenye shamba letu lililovunwa. Alisimama mbali, akavua tarbushi, akasema shikamoo mzee, akangoja aitwe. Baba yangu, mzee Alute, alipenda sana ng'ombe wale waliomwachia samadi shambani. Aliyewaleta ndiye hakumpenda.

Basi akawa anakuja kila siku, na kila siku mimi nikawa na kazi ya kufanya upande ule wa shamba. Msinitazame hivyo, na nyie mtakuwa wazee. Nilimwona anavyowatunza. Kwenye mfuko wa kaptula alikuwa na mabonge ya magadi aliyookota kando ya ziwa Kindai, na ng'ombe akisumbuka anamlambisha kiganjani. Sajenti Urbano alimgombeza gwarideni kwa sababu mfuko ule ulikuwa na doa jeupe lisilotoka hata kwa kufua. Melkizedeki alijibu ndiyo afande, akafua, kesho yake akajaza tena.

Mshenga wake alipokuja kwetu, baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema yeye alisikia kuna polisi anataka binti yake, kumbe ni mchungaji aliyevaa kofia.

"Hao ng'ombe si wake," baba alimwambia mshenga. "Siku kesi ikiisha, ataswaga nini? Kesi iishe kwanza, ndipo tumtazame."

Nililia, siwafichi. Pale Ihanja kulikuwa na mtu mwenye zizi lake aliyekuwa tayari kunioa, na baba alikuwa ameshaanza kumtaja wakati wa kula. Kwa hiyo kesi ile ilikuwa ya ng'ombe wa watu, lakini kwangu ilikuwa kesi yangu.

Ng'ombe wenyewe walikuwa wa Mama Anastazia, mjane wa Mgori. Waliibwa wakati yuko kwenye msiba wa mumewe, hebu fikirieni roho za watu. Walikutwa kwenye kundi la mchuuzi mmoja aliyeitwa Mathayo, mtu wa koti na maneno mengi. Mathayo alisema kawanunua mnadani. Alama za masikio zilikuwa zimekatwa upya, huwezi kujua zilikuwaje mwanzo. Bwana Shauri naye alikuwa safarini, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kiangazi chote kikaenda. Ng'ombe mmoja, jike la madoadoa, akazaa ndama palepale nyuma ya kituo. Melkizedeki ndiye aliyemvuta ndama yule tumboni kwa mikono yake, akamfuta pua kwa fulana yake ya serikali.

Siku ya kesi ikafika. Baba alikwenda Bomani, na mimi nikamfuata nyuma na kikapu, eti naenda sokoni. Watu walijaa. Bwana Shauri aliketi nje kwenye meza, akawasikiliza wote wawili, akaona ni neno la huyu dhidi ya neno la yule. Wazee wa baraza wakamwambia kwamba kwetu ng'ombe anamjua mtu wake. Wafunguliwe uwanjani, kila mmoja awaite kwa sauti ya nyumbani kwake, tuone watamwendea nani. Mathayo akakubali haraka.

Akaanza mjane. Alisimama katikati ya uwanja, akaita kama alivyowaita jioni zote za maisha yake, jina kwa jina. Ng'ombe wakainua vichwa. Wakaanza kutembea, yule wa madoadoa mbele. Mama Anastazia akanyoosha mikono. Wakampita. Wakampita kama hayupo, wakaenda moja kwa moja mpaka pembeni alipokuwa amesimama mume wangu na fimbo yake, wakaanza kumsukuma mfukoni wakitafuta magadi.

Lo! Uwanja mzima ulicheka. Mathayo alicheka kuliko wote, akasema kwa sauti kwamba basi mwizi ni polisi. Mjane akakaa chini palepale kwenye vumbi. Baba yangu aligeuka akanitazama, kumbe aliniona siku nyingi na kikapu changu, na macho yake yalisema umemwona mtu wako? Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie na kikapu.

Bwana Shauri alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. Hapo Melkizedeki akatoka pembeni, ng'ombe wanamfuata nyuma, aibu gani ile, akafika mbele ya meza, akapiga saluti. Hakuongea na Mzungu. Aliongea na sajenti wake, kama sheria ilivyotaka.

"Afande, nimewazoesha mimi. Kosa si la mama huyu. Naomba unifungie mahabusu, wasinione wala wasinisikie, kisha aite tena."

Sajenti Urbano alimkodolea macho. Polisi anaomba kufungwa mbele ya watu! Wenzake wote walikuwepo, wa tarumbeta, wa ghala la bunduki, dereva, na hakuna aliyecheka tena. Bwana Shauri aliuliza amesema nini, akatafsiriwa, akakubali. Melkizedeki akavua mkanda wake kama mahabusu yeyote, akakabidhi na fimbo, akaingia. Mlango wa chuma ukafungwa kwa kufuli. Nawaambia, nilimwona akiinama kupita mlango ule, na toka siku ile sijaona mwanaume mrefu kama yeye.

Ng'ombe walipelekwa kunyweshwa, wakarudishwa jua limeinama. Safari hii Mathayo aliambiwa aanze yeye. Akaita, akapiga miluzi, akabembeleza. Ng'ombe walikuwa wanacheua tu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mama Anastazia hakuita. Aliomba kibuyu, akachuchumaa kama anayekwenda kukamua, akaanza kuimba polepole kama walivyokuwa wanaimba zizini kwake. Jike la madoadoa likageuza masikio. Likaja. Likasimama ubavuni kwake, likatanua miguu ya nyuma likingoja kukamuliwa, na wengine wakaja wakamzunguka mjane mpaka tukawa hatumwoni, tunasikia kilio chake tu katikati ya ng'ombe. Nani angebaki na swali? Mathayo alitazama chini.

Ila yule ndama hakwenda. Yeye hakuijua Mgori wala wimbo wa Mgori. Alikuwa amesimama mlangoni kwa mahabusu, analamba kufuli na kulia.

Walipomfungulia Melkizedeki, mjane alimshika mkono mbele ya watu wote. Akasema mila inajulikana, ukimwekea mtu ng'ombe akakutunzia vizuri, siku ya kuwachukua humwachi mikono mitupu. Ndama huyu ni wako, mwanangu.

Moyo wangu uliruka. Huyo alikuwa mwanzo wa mahari yangu, amesimama palepale kwa miguu yake minne! Nikamtazama Melkizedeki. Alimshika ndama kichwani.

"Mama, serikali ilinipa fimbo, haikunipa zizi," akasema. "Nikimchukua huyu, kesho watasema nililipwa ili niingie mle ndani. Nenda naye, amfuate mama yake."

Nikasema kimoyomoyo, pumbavu wee! Nilikuwa na hasira ya kumrushia kikapu. Mahari yangu niliiona ikifungwa kamba, ikaswagwa njia ya Mgori, inageuka nyuma na kulia.  Tulirudi Unyambwa, baba mbele mimi nyuma, na njia nzima nilijua kwamba naolewa Ihanja.

Asubuhi baba alimtuma mtu kumwita mshenga. Nilisimama nyuma ya mlango nikashika mdomo wangu.

"Nina ng'ombe niliowaweka Ihanja kwa yule mtu," baba alimwambia. "Kila mwaka ananiambia ndama wamekufa. Jana nimemwona kijana anaambiwa chukua, na anayemwambia ndiye mwenye mali, naye hachukui. Mahari atalipa polepole. Binti yangu namweka kwake."

Sikungoja mshenga atoke. Nilipiga kigelegele nyuma ya mlango, baba akanigombeza kwamba sina haya. Ni kweli, siku ile sikuwa nayo.

Harusi ilikuwa baada ya mavuno. Kituo kizima kilikuja, na wa tarumbeta akatupigia mpaka mashavu yakamuuma. Tukiwa katikati ya chakula, akaingia Mama Anastazia kutoka Mgori, anavuta mtamba kwa kamba. Yule yule ndama, amekuwa. Melkizedeki akasimama kukataa, lakini mjane alimpita kama siku ile ng'ombe walivyompita yeye, akaiweka kamba mkononi mwangu. Akasema kesi ilikwisha zamani, na yeye hana habari na polisi, anampa bibi harusi. Mume wangu akamgeukia Sajenti Urbano, eti kuuliza kama inaruhusiwa. Sajenti akamwambia akae chini ale.

Mtamba akanusa huku, akanusa kule, akanivuta na kamba yangu mpaka kwa bwana harusi, akatia pua kwenye mfuko wa kaptula yake mpya. Magadi yalikuwamo. Siku ya harusi yake, kwenye sare ya sherehe, alikuwa nayo mfukoni. Nilitaka kumwuliza alikuwa anamtarajia nani, lakini nilipomtazama usoni nikaacha, maana Afande Samadi alikuwa analia mbele ya sajenti wake na hakujaribu kujifuta.