Mrija Aliopewa na Kaka Yake

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Sema tu ni huku Kalambo, upande wa Mwazye. Wanaotujua watajua wenyewe, na kwa sasa hilo halininyimi usingizi.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, nina binti mmoja. Nalima mahindi na ulezi kwenye shamba aliloniachia mume wangu, na naishi na mama yake mzazi ambaye miguu imemwisha nguvu. Namwogesha, namvisha, namtoa juani. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mume wangu aliondoka na korona, ile iliporudi mara ya pili. Mwaka ule binti yetu alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na ukoo mzima tuliualika. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ni dereva wa malori ya kwenda Zambia. Alifika siku mbili kabla ya sherehe, bila lori, akasema limeharibika njiani. Kwetu shemeji akija, nguo zake unafua wewe. Nikaingiza mkono mfukoni mwa suruali yake, nikatoa karatasi ya kipimo cha mpakani. Kidato cha nne nilimaliza, kusoma najua. Alikuwa na korona, na alikuwa ameandikiwa ajitenge.

Nikamfuata nyuma ya nyumba. "Shemeji, hii ni nini?"

Akacheka. "Vipimo vya mpakani hivyo, shemeji. Wewe unaniona nakohoa?"

"Lakini wamekuandikia usikae na watu."

"Nakuomba. Ukisema, watu watakimbia sherehe ya mtoto wako mwenyewe. Na mama utamuua kwa presha. Ikiisha tu, naondoka."

Nikanyamaza. Sitatafuta sababu nzuri hapa, maana haipo. Ulezi nilikuwa nimeshauandaa, kuku wameshachaguliwa, gauni jeupe la mtoto linaning'inia ukutani. Nilinyamaza kwa sababu ya gauni.

Kwa wasiojua, kimpumu ni pombe yetu ya ulezi. Inakaa kwenye chungu, unaimwagia maji ya moto, mnaizunguka na kunyonya kwa mrija. Mrija hauna mwenyewe. Mkubwa anaanza, anampa anayemfuata. Ukiufuta mrija aliokupa kaka yako, umemwambia mbele za watu kwamba una neno naye moyoni. Siku ya sherehe shemeji alinyonya, akampa mdogo wake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na birika, naongeza maji, najidanganya kwamba moto utaua ugonjwa. Mume wangu akapokea, akanyonya, akanitazama akacheka kwa raha ya kukaa na kaka yake.

Baada ya wiki moja akaanza homa. Tukamfunika blanketi, akajifukiza majani na malimao mpaka ngozi ikabadilika rangi. Pumzi ikakata, tukampeleka Sumbawanga mjini, wakamwekea gesi ya kupumulia. Siku ya nne akafa. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Uongo mtupu. Aliyeficha yu mzima mpaka leo, ana tumbo, kifo kilimuumbua mdogo wake.

Matangani mama mkwe alisimama mbele ya watu. Alisema, "Nyumba hii wote tumekohoa. Huyu mwanamke peke yake hajakohoa. Ana nini huyu?" Hakuhitaji kutaja neno lenyewe. Nilimtazama shemeji. Alikuwa anakula ugali, akamega tonge jingine, akachovya.

Tangu siku hiyo misibani nilikuwa nachota maji tu, sufuria sigusi. Binti yangu alirudi kutoka shuleni akaniuliza kama ni kweli nilimla baba yake. Siku hiyo nilimpigia shemeji, nikamwambia aje aseme. Akajibu taratibu kabisa, "Ukinitaja, na mimi nasema ulijua. Tuone nani ataaminiwa." Nikakata simu. Alisema kweli, na hiyo ndiyo inayoniuma kuliko matusi yote.

Mwaka juzi miguu ya mama ikagoma. Shemeji alituma salamu. Mimi nilituma mikono. Nilianza kumhudumia nikiwa na kinyongo, siwadanganyi, nilikuwa namsugua mgongo huku namlaani. Sijui kinyongo kiliisha lini. Sasa hali chakula mpaka nikae naye.

Wiki iliyopita nikiwa namkausha miguu, akanishika kichwa.

"Mwanangu, nilikuita mchawi. Nilikukosea sana."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Shemeji yako anataka shamba, anasema huwezi kurithi mtu uliyemuua. Jumapili ukoo unakaa. Nitasimama nikusafishe pale pale nilipokuchafua. Wewe utashika rozari yangu tu, uape mbele yao kwamba hujui chochote kuhusu kilichomuua mwanangu. Ukishaapa, hakuna atakayekugusa."

Nikainama, nikaendelea kukausha miguu ambayo ilikuwa imeshakauka.

Shemeji amezipata habari hizo. Jana alinipigia, sauti laini kama ya siku ile nyuma ya nyumba. "Apa tu, shemeji. Shamba nitaliacha. Tutakuwa tumemalizana."

Nikiapa, nabaki na shamba, binti anasoma, jina langu linasafika, na mama anaendelea kunipenda kwa kitu ambacho si kweli. Nikisema ukweli, mama mwenye miaka themanini anapoteza kwa siku moja mwana aliyebaki, na pia mtu anayemwogesha. Mlioshika simu tayari kuniandikia "sema ukweli utakuweka huru," nawaheshimu, ila ninyi hamtakuwepo Jumatatu asubuhi atakapohitaji kunyanyuliwa kitandani.

Nishaurini, ndugu zangu. Mama atakaponinyooshea ile rozari, niipokee au niiache mkononi mwake?